Ubani wa "Kuondoa Stresi" Haukuanza Jana: Kutoka Juani, Mafia, Mpaka Chumbani Kwako

Picha ni ileile kila ukurasa. Kikopo cha plastiki, ndani vipande vya rangi ya asali, mkono wenye hina umekishika, na maandishi makubwa juu: unaondoa stresi, unaondoa nuksi, unakupa kujiamini mbele za watu. Loweka usiku, kunywa asubuhi. Au choma, jifukize, lala.

Chini yake watu wanaulizana bei. Halafu anatokea mmoja anaandika kitu cha kweli: siku hizi hatoki ndani, akipigiwa simu anaitazama mpaka inakata yenyewe, marafiki wamemchoka. Je, ubani utamsaidia? Muuzaji anamjibu kwa maneno mawili. Njoo inboksi.

Swali hilo ni la zamani kuliko simu, ni la zamani kuliko hata jiji la Dar es Salaam. Watu wa Pwani wamekuwa wakiwachomea ndugu zao utomvu wa miti, kwa ajili ya huzuni na kujitenga, kwa muda mrefu sana. Na ukitaka kuelewa kilichobadilika, mahali pazuri pa kuanzia ni kisiwa ambacho wengi wa mjini hawajawahi kukisikia.

Kinaitwa Juani. Ukifika Mafia unashuka hadi Utende, unapanda chombo, Chole kinakuwa mbele yako, na nyuma ya Chole ndiyo Juani. Safari zinafuata maji kujaa na kupwa. Watu wake ni wavuvi na wakulima, wanawake wanatafuta pweza na kusuka mikeka, kasa wanapanda ufukweni kutaga. Upande wa magharibi kuna magofu ya Kua, mji wa mawe uliokuwa na misikiti kadhaa, makaburi na jumba kubwa ambalo kuta zake bado zimesimama, mizizi imezikumbatia.

Lakini Kua ni mtoto mdogo. Wanaakiolojia walichimba kwenye eneo la Shule ya Msingi Juani wakakuta mabaki ya watu walioishi hapo katikati ya miaka elfu moja ya kwanza, tangu karne ya 4 hadi ya 6 hivi. Yaani watoto wanakwenda kusoma hesabu juu ya kijiji chenye umri wa zaidi ya miaka 1,400.

Na hata kabla ya hapo bahari hii ilikuwa na wageni. Karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitengeneza mwongozo wa mabaharia unaoitwa Periplus. Jina lake halikubaki, maandishi yake yamebaki. Anataja ubani wa pwani ya Somalia na wa kusini mwa Arabuni, anakwenda kusini zaidi, anafika kwenye kisiwa anachokiita Menouthias, ambako watu wana mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba na wanatega kasa kwa vikapu. Wataalamu wanabishana mpaka leo: wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Ubishi wao waachie wenyewe. Cha kushika hapa ni kwamba miaka karibu 2,000 iliyopita njia moja ya bahari iliunganisha nchi ya ubani na visiwa vyetu.

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wengi wanaamini kufukiza kumeletwa na Waarabu, kwamba kabla yao huku hakukuwa na kitu. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, palichimbuliwa chombo cha shaba cha karne ya 7 au ya 8. Ndani kulikuwa na mabaki yaliyoungua. Walipoyapima maabara, wakitegemea labda ubani wa Arabuni, majibu yalikuja tofauti. Ilikuwa sandarusi. Utomvu wa msandarusi, mti unaoota hapahapa Pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015.

Kwa hiyo miaka 1,300 iliyopita mtu wa Unguja alikuwa na makaa, alikuwa na chombo, na alikuwa na kitu cha kuchoma kutoka kwenye mti wa kwao. Alichokuwa akiomba, hakukiandika.

Sandarusi baadaye ikawa biashara kubwa kwa sababu nyingine kabisa. Karne ya 19 watu walichimba ardhini, bara, vipande vya sandarusi ya zamani iliyoganda, ikapelekwa Unguja, ikanunuliwa na Wamarekani kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Seyyid Said alishatia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Wao hawakuwa na habari na majini wala huzuni za mtu. Waliifanya vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi.

Ubani wenyewe, ule wa mti mwingine kabisa, uliendelea kuja na majahazi kutoka Somalia na Arabuni. Udi ukaja kutoka Asia, na wanawake wa Pwani wakaanza kutengeneza wa kwao kwa kuchanganya vipande vya miti, sukari na marashi. Polepole kila tukio likapata moshi wake. Mtoto akizaliwa, kuna moshi. Bibi harusi anafukizwa nguo na nywele. Maulidi, chetezo kinazungushwa. Maiti anafukizwa kabla ya kutoka nyumbani. Mtu wa Pwani anaingia duniani kwa harufu na anatoka kwa harufu.

Na katikati ya kuingia na kutoka, kuna pepo.

Rudi Mafia. Chukua mke wa mvuvi, miaka ya 1960, iwe Juani au kijiji chochote cha kisiwa kikubwa. Huyu ni mfano tu, lakini ni mfano ambao bibi yeyote wa Pwani atakwambia anamjua. Mume kaoa mke wa pili kisiwa cha jirani. Mtoto wake wa mwisho alifariki. Anakaa na mkeka wake barazani, ukili umemlalia mkononi, jua linazama mkeka haujaongezeka. Usiku halali. Mchana haamki. Akialikwa harusini, kichwa kinamuuma. Mashoga zake walikuja mara mbili tatu, hakuwa na neno la kuwaambia, wakaacha kuja. Baadaye wakaanza kusema anajiona.

Mjini leo angeambiwa ana sonona, kama angepata bahati ya kukutana na mtu anayelijua hilo neno. Enzi hizo hakuna aliyemwambia anaumwa akili. Walisema ana pepo.

Usicheke haraka. Hebu angalia neno hilo lilifanya kazi gani. Ukimwambia mtu "wewe mvivu, wewe unanuna", kosa ni lake. Ukisema ana pepo, kosa limehama. Hakuna tena wa kumlaumu yeye. Kuna mgeni amepanda na inabidi aulizwe anataka nini. Na kumuuliza mgeni si kazi ya mgonjwa peke yake. Inataka watu.

Anaitwa fundi. Fundi anapiga ramli au anatazama kitabu, anasema ni pepo wa aina gani, wa nchi kavu au wa baharini. Mgonjwa, wanayemwita mwele, anafukizwa amefunikwa shuka. Anaweza kuogeshwa vuo, maji yaliyopikwa kwa majani na mizizi. Anaweza kuandikiwa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji au marashi, anakunywa. Hivyo vyote ni matayarisho. Kama pepo hajatulia, inapangwa ngoma.

Ubani kazi yake ni kuita. Kila pepo ana harufu yake na chano chake, na akikosewa harufu haji, au anakuja na hasira. Wa baharini, ambao wengi wanahesabiwa kuwa Waislamu, wanataka ubani, udi na marashi. Unguja kuna Kibuki, pepo wa Kimadagaska, na wao mpaka brandi wanataka. Hapo historia imepita mlango wa nyuma, maana mwanzoni mwa karne ya 19 ni Wasakalava wa Madagaska waliokuja kwa mitumbwi wakauvamia mji wa Kua hapo Juani, wakaua, wakachukua mateka. Kua haikusimama tena. Waliobaki walihamia Chole na kwingineko. (Masimulizi ya Kua yako mengi, likiwamo lile la watu kuzibiwa chini ya ardhi siku ya harusi, lakini hilo litachukua usiku mzima.)

Basi ngoma inapigwa. Wanawake wamekaa duara, chetezo kinafuka, wimbo unarudiwa mpaka unakosa mwanzo. Mwele anatikisika. Pepo amepanda kichwani, mwele sasa anaitwa kiti, kwa sababu amekaliwa. Fundi anauliza: wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?

Na hapo yule mwanamke ambaye kwa miezi sita hakuwa na neno, anasema. Sauti si yake, kwa hiyo maneno si yake. Pepo anataka khanga mpya. Anataka pete ya fedha. Anataka kiti hiki kisifokewe. Anataka kulala kwenye shuka safi siku fulani za wiki, na mume awepo. Mume yuko pale, kijiji kizima kinamtazama, na si mke anayemdai, ni pepo. Anakataaje? Anaitikia.

Baada ya hapo yule mwanamke hatolewi pepo, anapatanishwa naye. Anaingia kwenye kundi la wenye pepo kama wake. Ngoma ya mwenzake ikipigwa lazima aende, awe na hamu au asiwe nayo. Anakaa kwenye duara, anaitikia wimbo, anafukizwa, anachomwa na harufu ileile iliyomsemesha. Mtu aliyekuwa hawezi kwenda harusini sasa ana mahali pa kwenda na ana zamu.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Pat Caplan, alifika Mafia kwa mara ya kwanza mwaka 1965, akakaa kijiji cha kaskazini, na akaendelea kurudi kwa miongo kadhaa. Mwaka 1997 alitoa kitabu kuhusu familia moja ya huko. Mhusika mkuu kampa jina la Mohammed, jina lake halisi halipo, na sehemu ya kitabu ni shajara ambayo mtu huyo aliandika mwenyewe. Ukikisoma unaona maradhi, mapenzi, deni, talaka na mapepo vimekaa kwenye ukurasa mmoja, kama vinavyokaa kwenye nyumba moja. Hakuna anayesema "hii ni ya hospitali, hii ni ya mganga" mpaka kwanza ajaribu zote mbili.

Lakini jamani, tusiipake asali. Ngoma ilikuwa ghali. Mbuzi, mchele, nguo, malipo ya fundi, chakula cha wageni siku kadhaa. Mafia utajiri ni minazi, na mwenye minazi michache aliweza kubaki na deni la misimu. Kulikuwa na mafundi waliojua kwamba pepo asiyeridhika ni kipato. Kulikuwa na wagonjwa wa kifafa, wa homa ya ubongo, wa uchungu wa uzazi ulioharibika, ambao walifukizwa mpaka wakafa wakati chombo cha kwenda hospitali kilikuwa kimefungwa pale chini. Na kulikuwa na wanawake ambao pepo wao alidai, mume akaitikia mbele ya watu, na kesho yake hakutekeleza hata moja. Mashehe wengi nao hawakuipenda hii kitu kabisa, wakaiita shirki, na ubishi huo haujaisha mpaka leo katika nyumba nyingi za Pwani.

Serikali nayo ilikuwa na macho yake. Waingereza walitunga sheria ya uchawi Tanganyika mwaka 1928, na mganga akawa mtu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa waliochanganyikiwa kabisa kulikuwa na Mirembe kule Dodoma, na Unguja Kidongo Chekundu. Majina hayo yote mawili yaligeuka matusi. Mtoto wa mjini hata asiyejua Dodoma iko upande gani anajua kumwambia mwenzake "wewe wa Mirembe".

Angalia shida iliyobaki hapo katikati. Kabati lilikuwa na rafu mbili tu: pepo, au Mirembe. Mtu mwenye huzuni ya kawaida isiyoisha, anayefanya kazi, anayesalimia, lakini ndani amezima, hakuwa na rafu. Neno kusonona lipo kwenye Kiswahili tangu zamani, maana yake kuumia rohoni. Halikuwa jina la ugonjwa. Limepewa kazi hiyo karibuni tu, na bado kuna wazazi ukiwaambia una sonona wanakuuliza kama umeswali.

Hiyo rafu tupu ndiyo muuzaji wa kikopo ameikuta, akaweka mzigo wake.

Na ana hoja, usimdharau. Mwaka 2008 watafiti wa Israeli na Marekani walitangaza kwamba wamechukua kitu kimoja kutoka kwenye ubani, kinaitwa insensoli asetati, wakawadunga panya. Panya waliodungwa walipunguza woga: kwenye jukwaa lenye njia zenye kuta na njia za wazi, walithubutu zaidi kutembea kwenye zile za wazi. Walipotiwa kwenye maji wasiweze kutoka, walichelewa kukata tamaa kuliko wenzao. Kinachofanya kazi ni mlango mdogo wa seli unaoitwa TRPV3, ambao kwenye ngozi unahusika na kuhisi joto. Panya waliozaliwa bila mlango huo hawakuonyesha badiliko lolote. Kwa hiyo si imani tu, kuna kitu.

Mwaka 2012 likaja jaribio ambalo lingemhusu hasa yule aliyeuliza kuhusu simu. Walitumia panya wanyonge. Hawa wanapatikana kwa kuwakutanisha wawili wawili kwenye maziwa matamu: kuna anayejisogeza akanywa, na kuna anayerudi nyuma kila siku akimwachia mwenzake. Wale warudi nyuma walipopewa insensoli asetati, dalili zao za unyonge zilipungua. Bibi zetu wangesoma hapo wangesema tulijua.

Sasa punguza mwendo kidogo, kwa sababu matangazo yanaishia hapo na mambo hayaishii hapo.

Kwanza, panya walipewa kemikali iliyosafishwa na kupimwa. Hawakukaa na chetezo, hawakunywa maji yaliyolowekwa. Kutoka panya kwenda kwa mtu ni safari ndefu, na dawa nyingi zimezama njiani.

Pili, ubani si mti mmoja. Insensoli asetati inapatikana kwa wingi kwenye ubani wa Ethiopia, Eritrea na Sudani, mti unaoitwa Boswellia papyrifera. Ubani wa Oman, ule wa Dhofar unaosifiwa na kuuzwa ghali kuliko wote, unatoka kwenye Boswellia sacra, na huo hauna kemikali hiyo au unayo kidogo mno. Yaani unayelipa zaidi kwa ajili ya jina huenda ndiye unayepata kidogo zaidi cha kile kilichopimwa. Kwenye kikopo hakuna anayekuandikia ni mti gani. Hata muuzaji hajui, kanunua kwa kilo.

Tatu, na hili ndilo la kukaa nalo, kumbuka kile chombo cha Unguja Ukuu. Ndani ilikuwa sandarusi, na msandarusi hauhusiani na miti ya ubani hata kwa ukoo. Baadaye ukaja ubani wa Somalia, wa Arabuni, udi wa Asia, udi wa sukari wa kutengeneza nyumbani. Kama nguvu yote ingekuwa kwenye kemikali, basi kila kitu kingeharibika kila jahazi lilipobadilisha mzigo. Hakikuharibika. Karne baada ya karne kilichochomwa kilibadilika kufuatana na soko, na waliokaa kukizunguka hawakubadilika: mama, shangazi, mashoga, fundi, mume aliyeitwa aje asikilize. Moshi uliwapa sababu ya kukusanyika na sababu ya kusema yasiyosemeka.

Kikopo kimechukua nusu moja ya ile dawa. Kimebaki na utomvu, kimeacha watu nje ya mlango.

Na chumba chenyewe ni kile unachokijua: kimoja, dirisha dogo, pazia zito, feni. Mtu aliyejitenga anawasha makaa, anaweka ubani, anafunga mlango ili moshi usitoke bure, anajifunika, analala. Hapo kuna hatari ambayo haina uhusiano na pepo. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini, na ubani unanukia vizuri mpaka hushtuki. Barazani Juani makaa yaleyale hayana shida kwa sababu upepo wa bahari unapita. Huko Oman kwenyewe, ambako kila nyumba inafukiza, uchunguzi uliofanywa kuhusu watoto ulionyesha moshi haukuwa chanzo cha pumu lakini kwa watoto ambao tayari wana pumu uliwaamshia vifua. Mwenye pumu ajue hilo. Mwenye mimba, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asinywe maji ya ubani bila kumuuliza daktari. Na aliyeandikiwa dawa za sonona asiziache kwa sababu ya kikopo.

Yule aliyeuliza hakuhitaji kuambiwa njoo inboksi. Alihitaji kuambiwa kwamba anachokieleza, kutotoka, kutopokea simu, kuwachosha marafiki, ni dalili zinazojulikana na zinatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na wakati mwingine kwa dawa, na kwamba Muhimbili ina idara nzima ya kazi hiyo. Kwa aliye Juani ni ngumu zaidi: hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ni chombo kwanza halafu barabara, na ukifika unaelezaje kwa daktari kitu ambacho nyumbani wanakiita kununa? Ndiyo maana wengi bado wanaanza na shangazi na chetezo, na shangazi mwenye akili anajua ni siku gani ya kufukiza na ni siku gani ya kusema mwanangu, kesho maji yakijaa tunavuka.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wauzaji wangependa usilijue. Mwaka 2019 watafiti waliopima misitu ya Boswellia papyrifera, hasa Ethiopia, walisema miti inakufa kwa kukatwa mno, na michanga haikui kwa sababu ya mifugo na moto. Sehemu nyingi hakuna mti mpya uliosimama kwa miongo kadhaa. Makadirio yao ni kwamba ubani huo utapungua nusu ndani ya miaka 20. Kitu kikipungua sokoni kinachanganywa. Na utomvu unaofanana nao kwa rangi, unaopatikana karibu, unaowaka vizuri na kunukia vizuri kwenye makaa, Pwani hii upo siku zote. Kwa hiyo usishangae siku moja ukafungua kikopo chako cha stresi, ukachoma, na kinachofuka humo kikawa ni sandarusi, ileile ya Unguja Ukuu.